Mama Mkwe Ng'ambo ya Kuja

Watu wa mjini hulipa ili wachoke. Nililijua hilo miaka ya tisini, nilipoanza kuwavusha wageni mto Kuja, baada ya shule niliyokuwa nikifundisha bila cheti kumpata mwalimu mwenye cheti. Walikuja kutoka Migori na Homa Bay, wengine kutoka Kisumu, na mara mojamoja wazungu wawili watatu wenye mifuko mikubwa kuliko migongo yao. Walitaka kupanda mlima, kuoga kwenye maporomoko huku wakipiga mayowe, na kupiga picha ya kiboko ambaye mara nyingi alikuwa jiwe. Mlima wenyewe tuliuita Got, yaani mlima, basi, kwa kuwa hatukuona haja ya kuupa jina jingine. Sisi tuliupanda kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Wao waliupanda, wakalitazama ziwa kwa mbali, wakala mayai ya kuchemsha, wakashuka wakisema wamepumzika.

Niliwadharau, sitaki kudanganya. Niliwadharau na bado niliwabeba, maana nilikuwa na watoto watatu na chaki sikuwa nayo tena.

Mlima ulikuwa ng'ambo ya mto, na daraja halikuwepo. Palikuwa na kivuko tu, mstari wa mawe yaliyolala chini ya maji, mengine imara, mengine ya kubingirika ukiyakanyaga vibaya, na njia yake ilipinda katikati kama kiwiko. Walioijua hatua kwa hatua walikuwa wawili: mimi na mwenzangu, pande la mtu lililowahi kupakua samaki kule Karungu. Mgeni alipanda mgongoni, akafumbata shingo, nasi tukashika fimbo na kuingia majini. Wengine walifumba macho. Mwalimu mkuu mmoja kutoka Homa Bay aliomba dua mwanzo hadi mwisho, tena nilikuwa nimemshika vizuri kabisa.

Mbebaji aliyetuachia kazi ile alinifundisha mambo mawili. La kwanza, maji ya Kuja yakigeuka mekundu na kuleta vigogo vya migomba kutoka Kisii, ujue mvua imeshapiga huko juu hata kama kwako jua linawaka, na una muda wa kuvusha watu wachache tu. La pili lilihusu wakwe. Kwetu Wajaluo mwanamume hagusani na mama mkwe wake. Hali naye meza moja, haingii chumbani kwake, hamkodolei macho. Kumbeba mgongoni, mapaja yake yakiwa kiunoni mwako, ni jambo la kukufanya uhame kijiji. Basi ikikutokea, alisema yule mbebaji, mpe ncha moja ya fimbo, wewe shika ncha ya pili, umtangulie jiwe kwa jiwe. Atalowa, lakini atavuka, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Siku aliponionyesha hilo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na sikumwambia mtu mwingine kwa sababu halikuja kwenye mazungumzo.

Mama mkwe wangu aliuza omena sokoni Migori, dagaa wa Muhuru Bay, na ulimi wake ulijulikana hadi stendi. Nilipoanza kazi ya mtoni aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba alidhani binti yake ameolewa na mwalimu, kumbe ameolewa na punda. Maneno hayo nililetewa na watu watatu tofauti, na wote watatu walicheka wakiyasema. Ulimi hauna mfupa. Mkwe hajibizani na mama mkwe, kwa hiyo nilinyamaza, lakini kila nilipoinama mgeni anipande mgongoni nililisikia lile neno.

Jumatatu moja ya Pasaka kina mama wa kanisa lake wakakodi pikapu waje kutembea mlimani. Pikapu ilikuwa ya Mwislamu mmoja wa pwani aliyekuwa na duka pale mjini, naye aliiendesha mwenyewe. Nilipomwona mama mkwe akishuka, leso kiunoni na viatu vya kanisani miguuni, nilisogea nyuma ya kichaka kama mila inavyotaka. Naye akanipa mgongo kama mila inavyotaka, kisha akamwambia jirani yake kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Ambia mkwe yangu leo nimekuja kuona kazi yake. Nasikia ameongezwa cheo, siku hizi anabeba wazungu wawili mara moja."

Kina mama wakacheka hadi wakashikana. Mwenzangu naye alicheka, halafu akamchukua mgongoni, na yule mama akavuka akiwapungia watu mkono kama mke wa mbunge. Mimi niliwabeba wengine. Mmoja wao aliniambia sikioni, kwa huruma, kwamba hakuna kazi ya aibu. Huyo ndiye aliyenichoma zaidi.

Mlimani walifanya yote wanayofanya wageni. Waliimba, wakapigana picha, wakaulizana ile ni Tanzania au ni wingu tu. Mama mkwe alikuwa na goti bovu na alipanda kwa kukaa kila baada ya hatua ishirini, akitaka watu wamngoje. Saa nane hivi niliona upande wa Kisii umekuwa mweusi. Niliwaambia tushuke. Wakaomba picha moja zaidi, kisha nyingine, kisha mmoja akapoteza kiatu. Tulipofika mtoni maji yalikuwa rangi ya matofali na mvua imeanza kutuangukia. Kigogo cha kwanza cha mgomba kikapita mbele yetu taratibu.

Mpangaji wa foleni nilikuwa mimi. "Wageni kwanza," nikasema. "Sisi watu wa nyumbani tutamalizia."

Kila mtu aliona ni adabu njema. Mama mkwe mwenyewe hakuweza kupinga, maana angepinga vipi kuitwa mtu wa nyumbani? Lakini mimi nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilitaka asimame kwenye mvua na viatu vyake vya kanisani mkononi, awatazame wenzake wakivushwa mmoja mmoja, awe wa mwisho. Nilitaka adhabu ya nusu saa. Kama kuna hakimu anayesoma haya, naomba aandike kwamba mwanzoni ilikuwa nusu saa tu.

Tulivusha haraka. Maji yalinifika pajani, kisha kiunoni. Mwenzangu alipokuwa na mama wa mwisho mgongoni kabla ya mama mkwe, jiwe likabingirika chini ya mguu wake. Hakumwangusha mama wa watu, alimfikisha, lakini alipoketi ukingoni kifundo chake kilikuwa kimeshavimba kama kiazi. Alijaribu kusimama, akaanguka. Ng'ambo ya pili akabaki mtu mmoja.

Wote wakanitazama. Mwenye pikapu ndiye aliyesema.

"Ndugu yangu, mbona humwendei? Mto wajaa huu."

"Yule ni maro," nikamwambia. "Ni mama wa mke wangu. Siwezi kumshika."

"Mama wa mkeo si mamako? Mwende bwana, Mungu atakusamehe!"

Mama mmoja mzee wa kanisani akamkata. "Wewe wacha, hujui mambo ya huku. Akigusa yeye, hiyo ni chira. Watoto wa hiyo boma wataisha." Na wenzake wote, waliokuwa wametoka kusali siku tatu mfululizo, wakaitikia kwamba ndivyo, laana ya kuvunja mwiko haina dawa.

Yule mtu wa pwani akaanza kufungua vifungo vya shati aingie mwenyewe. Nilimkamata mkono. Nilimwambia hayajui mawe, atakufa na mama hatavuka. Hilo lilikuwa kweli tupu, na kwa dakika moja nilijiona mtu mwema.

Wakati nikimwambia hayo nilikuwa nimeegemea fimbo. Fimbo ya mwanzi, ndefu kunipita, imara kuliko miguu yangu. Sikuisahau. Nataka ijulikane kwamba sikuisahau hata kidogo. Ningeingia, ningemnyoshea ncha, ningemvuta jiwe kwa jiwe, na chira isingepata pa kushika. Mila zetu si katili kiasi hicho; kila penye mwiko wazee waliacha kiupenyo cha kupitisha mtu. Mimi nilisimama mbele ya kile kiupenyo nikakiziba kwa mwili wangu.

Nikaingia majini hadi magotini, ili nionekane najaribu. Nyuma yangu kina mama wakaanza wimbo wa kanisani, kumtia moyo, wakauimba kwa nguvu zote kushinda mvua. Hapo ndipo mama mkwe alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka saba ya ndoa yangu. Alinitazama usoni. Akakunja mikono mdomoni akaniita:

"Nyathina, bi iting'a!"

Mwanangu, njoo unibebe. Hakusema mkwe. Alisema mwanangu, kama anavyoitwa mtoto aliyetoka tumboni, na kwa neno hilo moja aliuvunja mwiko yeye mwenyewe na kuichukua laana kichwani kwake. Akaniita tena. Wimbo uliwaziba wenzake masikio, lakini mimi nilikuwa mbele yao, karibu na maji, na nilisikia kila silabi.

Sikuhisi huruma. Ningependa kuandika kwamba nilihisi. Nilihisi utamu, utamu wa kweli, ulionishuka kifuani kama uji wa moto. Punda ameitwa. Niliweka kiganja sikioni, nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba sisikii. Halafu niliwageukia kina mama, nikangoja wamalize beti, nikawaambia:

"Anasema nisithubutu kumgusa."

"Huyo ni mama," akasema yule mzee. "Hiyo ndiyo heshima." Wengine wakafuta macho. Tulipotazama tena ng'ambo, mawe ya katikati yalikuwa yameshapotea na hata fimbo isingesaidia kitu.

Maji yalipungua asubuhi. Mwenzangu, akichechemea kwa fimbo yangu, aliwaelekeza vijana wawili kutoka ukingoni hatua kwa hatua, wakavuka, wakamkuta chini ya mwamba mlimani, midomo ya kijivu, mawe ya kuwatupia fisi yamejaa kwenye leso yake. Goti lilikuwa limekufa ganzi na kifua kinakoroma. Alilazwa hospitali ya misheni wiki tatu. Aliporudi kwake, nafasi yake sokoni ilikuwa imechukuliwa na dada yake, kwa kuwa hakuweza tena kusimama wala kuita wanunuzi. Sauti ilibaki ya kukwaruza, na ilikwisha kila baada ya maneno machache.

Aliagiza niitwe. Nilikwenda nikasimama nje ya mlango, kwa kuwa mkwe haingii chumbani, naye alilala ndani akiutazama ukuta. Tulikuwa peke yetu. Nilimsikia akivuta pumzi muda mrefu.

"Nasikia nilikukataza," akasema.

Nikarudi hatua moja kutoka mlangoni.

"Wenzangu wananiletea maziwa. Wananisifu." Akakohoa. "Sawa. Nilikukataza. Binti yangu ana watoto watatu kwako, na mimi sasa siwezi kulisha hata kuku. Nikisema ukweli ataondoka kwako, na hatakuwa na pa kwenda. Kwa hivyo nilikukataza. Enda."

Nikaenda. Njiani nilitarajia aibu inikamate, lakini kilichokuja kwanza kilikuwa nafuu. Nilipiga hata mluzi nilipofika barabarani, kisha nikajisikia nikipiga mluzi, nikaacha.

Jumapili iliyofuata alipelekwa kanisani akiwa ameshikwa huku na huku, akawaambia watu kwa ile sauti yake mpya kwamba alipendelea kufa kuliko kumwaibisha mkwe wake, na kwamba mkwe wake ni mtu wa adabu. Watu walinipa mkono. Mzee mmoja wa ukoo wao alisema siku hizi vijana kama mimi wamebaki wachache. Huko mtoni wageni walianza kunitaka mimi hasa, wakisimuliwa habari zangu na wenyeji walipofika, na wazungu wakanipiga picha.

Mke wangu aliyasikia yote hayo. Naandika kwa Kiswahili maana nyumbani tunaongea Kijaluo, na yeye vitabu havimhusu. Jioni ya Jumapili ile alichinja kuku. Alimpika kwa utulivu, akaniletea maji ya kunawa akiwa amepiga magoti, jambo alilokuwa ameliacha siku nyingi, akaniwekea firigisi juu kabisa ya bakuli kama anavyoandaliwa mwenye nyumba. Watoto aliwapa miguu na shingo. Yeye hakujipakulia. Aliketi kwenye kigoda akanitazama nikila.

"Umeilinda heshima ya mama yangu," akasema. "Mwingine angemgusa, tukachekwa maisha."

Nikaitikia huku natafuna.

"Lakini mvua yote ile," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi, "peke yake, na maji yanapanda. Hakukuita? Hata mara moja?"

"La," nikasema. "Niongezee ugali."