Majina Aliyoyamaliza Baba

Tulipoanua tanga la mama nilirudi Kibaha, nikafua nguo, nikaenda kazini. Watu wa ofisini walinipa pole nami nikawajibu nimeshapoa. Sikuwa nasema uongo. Sikulia, sikukosa usingizi, hata hamu ya kula sikuikosa. Nilikaa masjala nikipanga majalada, na jioni nilirudi chumbani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, nikaketi kitandani nikitazama ukuta wa jirani ambao mpaka leo haujapigwa plasta.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mwenye huruma za kuudhi, ndiye aliyenitumia masomo ya video ya kutengeneza aplikesheni za simu. Alisema nikikishughulisha kichwa nitapata nafuu. Nafuu ya nini, nikawaza, wakati siumwi? Lakini bando nilikuwa nalo, na jioni ni ndefu kwa mtu asiye na mume wala televisheni. Nikaanza.

Kila anayejifunza kazi ile huanza na kitu kimoja, orodha. Unaandika jambo, unabonyeza, linaingia kwenye orodha. Ukishalifanya unaliwekea tiki. Mwalimu wa kwenye video, kijana mchangamfu aliyeongea Kiingereza kama anafukuzwa, aliandika maziwa, mayai, mkate. Nami nikaandika hivyo hivyo, ingawa mkate wenyewe silagi. Nilikosea alama moja ndogo, skrini nzima ikajaa maandishi mekundu. Nililitafuta kosa lile jioni kadhaa, na nilipolipata sikufurahi. Nilichopenda ni kwamba lilikuwa na mahali pake, na ukipafikia linakwisha.

Somo lililofuata lilikuwa la kuihifadhi orodha mtandaoni. Mpaka hapo maziwa na mayai yangu yalikaa ndani ya simu yangu peke yake. Simu ikitumbukia kwenye ndoo, yamekwenda nayo. Sasa yangetunzwa kwenye kompyuta za watu wa mbali, na yeyote niliyemruhusu angeyaona kwenye simu yake. Akiongeza, na mimi naona. Akifuta, na kwangu kimefutika. Mwalimu alisema jambo lililokwisha kufanywa tuliondoe kabisa ili orodha ibaki safi. Nikaandika kama alivyoelekeza, ukiweka tiki tu, kitu kinafutwa kila mahali. Somo la kutunza nakala ya akiba lilikuwa mbele sana, sikulifikia.

Ulipokaribia mwezi wa Shaabani, shangazi yangu, dada yake baba, alinipigia simu kutoka Visiga. Nyumbani kwetu ni Msimbu, upande wa Kisarawe, na kila Shaabani tunasoma hitima ya kuwarehemu wazee. Maalimu akimaliza kusoma huuliza majina ya marehemu, na mtu wa nyumbani huyataja moja moja ili kila mmoja aombewe kwa jina lake. Kwetu aliyeyataja alikuwa mama. Alikaa nyuma ya pazia la mlango wa uani, vidole bado vya njano kwa bizari, akayatoa kichwani bila kukwama, ya upande wake na ya upande wa baba, mpaka vichanga. Hakuna aliyewahi kuyaandika.

Shangazi alitaka kujua nani atayataja mwaka huu. Alisema marehemu asiyetajwa hukaa mlangoni akiwatazama wenzake wanakula. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimebana simu begani, nachambua mchicha. Nikamwambia asihangaike, kuna kitu natengeneza.

Nilifuta maziwa, mayai na mkate, nikabadilisha maneno mawili matatu juu ya skrini, basi, ikawa orodha ya marehemu. Jumamosi nikaenda Visiga kumwekea shangazi kwenye simu yake. Alianza kuwapigia bibi zetu waliobaki na dada zake mama, kila akipata jina anaandika, na mimi huku masjala nikifungua simu nalikuta. Yalikuwa majina ya watu ambao wengi nawajua kwa makaburi yao tu.

Baba nilimfuata Msimbu. Nilimkuta anamenya mihogo barazani. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua uso. Nilimwachia simu yangu ya zamani. Aliuliza majina yatakaa wapi, nikamwambia kwenye kompyuta kubwa, nchi za watu. Akauliza kama wenye kompyuta hizo wanawajua wazee wetu. Nikasema hawawajui. Akamenya muhogo mwingine mzima kabla ya kusema watunze tu, si kitu. Mtandao nyumbani hushika sehemu moja, dirisha la chumba alicholala na mama, na alisema simu ataiweka hapo. Nilimfundisha kuongeza jina. Habari ya kisanduku cha tiki sikumweleza, maana sikuona kina kazi gani kwake.

Jina la mama halikuwemo. Shangazi alisema hilo niliandike mimi, mwanawe wa kumzaa. Nilifungua sehemu ya kuandikia, nikakitazama kile kijistari kinachowaka na kuzima kikisubiri herufi, nikafunga. Sikuwa na uchungu wowote. Kidole tu hakikwenda. Kesho yake vilevile. Mwishowe nikaacha kuifungua aplikesheni, nikajiambia nimebanwa na somo la rangi na vitufe. Shangazi naye, alipoishiwa majina ya kuandika, simu yake akawa anaitumia kupigia tu.

Siku ya hitima nilifika Msimbu asubuhi, nikamenya vitunguu saumu pamoja na wanawake wengine. Watu walinitazama usoni kuona nikoje. Nilikuwa mzima. Mchana wanaume walijaa barazani, ubani ukafuka, kisomo kikasomwa hadi mwisho. Kisha maalimu akaomba majina. Shangazi akanisukuma kidogo mgongoni niende kwenye pazia, pale alipokuwa anakaa mama. Nikawasha simu.

Orodha ilikuwa na jina moja. La mama.

Nilidhani ni mtandao. Nikaenda hadi dirisha la chumbani, nikaifunga aplikesheni na kuifungua tena. Jina moja. Nilikuwa nawaza tu ni mstari gani nilioukosea. Shangazi alinifuata akaniuliza mbona kimya, watu wanasubiri. Nikatuma mtu aniitie baba. Akaja na kanzu yake, nikamwonyesha simu, nikamuuliza wazee wako wapi.

Baba hakuona shida yoyote. Alinieleza kwamba kila alfajiri akishaswali alikaa hapo dirishani, akachukua jina moja, akamsomea Fatiha na Kulhuwallahu, akamwombea. Akimaliza alikuwa anagusa kile kisanduku. Jina linaondoka. Alijua limepokelewa. Aliendelea hivyo taratibu, wa upande wake na wa upande wa mama, mpaka wakaisha, na aliniambia kwa furaha kidogo, kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba.

Na kila alipogusa, kile nilichokiandika mimi kilikuwa kinamfuta mzee mmoja kwenye simu yake, kwenye simu ya shangazi, kwenye yangu, na huko nchi za watu. Nilifanya kama mwalimu alivyosema. Orodha ilikuwa safi.

Nikamuuliza kuhusu lile lililobaki, nani aliliandika, na kwa nini lipo.

"Niliandika mimi," baba akasema. "Nilikuona huliandiki. Namsomea kila siku, tena huyo ndiye naanza naye." Akaikwepa skrini, akatazama nje. "Lakini kukigusa hicho kisanduku siwezi. Sijamaliza naye, mwanangu."

Hapo nikaumia. Nikaketi kwenye kitanda chao. Miezi yote ile nilidhani ndani yangu hamna kitu, kumbe kilikuwemo chote. Nililia kwa sauti, kanga mdomoni, shangazi amenishika kiunoni. Baba alisimama pale pale mpaka niliponyamaza, hakuniambia nijikaze.

Barazani maalimu alikohoa kwa adabu.

Simu niliiacha kitandani. Nikaenda nikaketi nyuma ya pazia, juu ya kigoda cha mama, bila kujua nitasema nini. Nikamtaja bibi yake mzaa mama, kwa sababu mama alianza naye kila mwaka. Akaja dada wa bibi huyo, akaja mume wa dada. Walikuja kwa mfuatano wa mama na kwa mkato wa sauti yake. Tangu utoto nilikuwa nakaa hapa nyuma yake nikimenya vitunguu saumu, nikiyasikia pasipo kuyasikiliza. Nilipokwama shangazi alinong'ona. Palipotushinda wote wawili, baba alilitaja jina kutoka barazani, na kuna mahali alinyamaza hata yeye, tukaruka. Yule aliyerukwa bado ananisumbua.

Wa mwisho wa mama siku zote alikuwa kichanga chake, mdogo wangu aliyenifuata. Akishamtaja huyo hufuta mikono kwenye kanga na kuinuka kwenda kupakua wali. Nilipofika kwake na mimi nikasimama.

"Wamekwisha?" maalimu akauliza.

"Bado mmoja," nikasema.

Nikamtaja mama yangu, jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kufika barazani. Wakaitikia amin.