Kutoka Nkoma hadi Migori Kuuliza Bei ya Kesi

Niliondoka kijijini kwetu Nkoma kwa sababu ya mguu mmoja na karani mmoja. Mguu ni wa binti yangu Minza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Karani ni wa mahakamani, na jina lake silitaji kwa kuwa ana watoto, na watoto hawana kosa.

Ulikuwa msimu wa pili tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi wa pamba. Zamani tuliuza kwenye chama cha msingi cha ushirika tu, tukangoja hadi tukachoka kungoja. Mara wakaja watu na malori yao, mizani yao na fedha taslimu mfukoni, na sisi tukafurahi, sitasema uongo. Lori la mnunuzi mmoja lilikuwa na namba za Kenya. Siku moja pale kituoni dereva wake akarudi nyuma bila kutazama, gurudumu likapita juu ya mguu wa Minza. Mfupa uliunga, ukaunga vibaya. Daktari wa Mwanza alituambia unaweza kunyooshwa kwa upasuaji, ila kabla mtoto hajaanza shule. Akishakua atachechemea maisha yake yote. Stika ya bima ya lori ilikuwa imeisha muda. Yule mnunuzi akatuletea sukari kilo mbili na pole.

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne. Najua sukari si fidia.

Tulikwenda mahakamani Bariadi, mimi na baba mkwe, mzee Sayi, maana mume wangu Masanja alibaki kwenye palizi. Karani akatutajia ada ya kufungua shauri, sawa na pamba ya nusu eka. Akasema wakili lazima atoke Mwanza na atataka alipwe kabla hajapanda basi. Akaongeza kwamba tukishindwa, tutalipa hata gharama za wakili wa mwenzetu. Nikasema nimesikia mtu maskini anaweza kuomba afungue shauri bila ada. Karani hakunijibu mimi. Alimgeukia baba mkwe akamuuliza kama nyumbani kuna ng'ombe.

Hapo asiyetoka kwetu hataelewa. Kwetu watu huwekeana ng'ombe. Unamwachia rafiki yako ng'ombe wako awatunze, naye anakunywa maziwa, na siku nyingine anapewa ndama. Hakuna anayetamka mbele za watu kwamba huyu ni wa fulani. Wote wanaolala zizini mwako ni wako machoni pa watu, na mzee wa Kisukuma kutamka kwamba hana ng'ombe ni kama kuvua nguo sokoni. Baba mkwe akajinyoosha mgongo, akajibu, "Zizi limejaa."

Karani akacheka. Akasema maskini gani huyo, akairudisha karatasi yangu dirishani kwa kidole kimoja.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha baba mkwe. Najua ni utovu wa adabu. Ningefungua mdomo, ningefanya utovu mkubwa zaidi.

Baada ya wiki ikaja barua ya shangazi yangu Milembe, aliyeolewa Migori, ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa nimemwandikia habari ya ajali, naye akajibu kwamba kama lori ni la Kenya basi nikashtaki hukohuko Kenya. Huko mjini kwao kuna wakili mwanamke anayesikiliza watu wa chini, na inasemekana anakula ukishakula wewe, yaani hadai malipo mpaka ushinde. Nikajaza michembe kwenye kiroba, nikamfunga Minza mgongoni, nikaondoka.

Alfajiri tulikuwa njiani kwa baiskeli: Masanja anakanyaga, mimi nimekaa nyuma, mtoto mgongoni, kiroba mapajani. Kila kilima Masanja alishuka akasukuma, na Minza akamwambia baba yake kwamba amekuwa punda. Masanja akalia kama punda, na akinamama waliokuwa wanakwenda shamba wakatuamkia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, huku wanacheka.

Saa tatu asubuhi, Bariadi, nikapanda basi la Lamadi. Kosa langu lilikuwa kumwambia jirani yangu wa kiti ninakokwenda. Kabla hatujatoka mjini basi zima lilikuwa baraza la kesi yangu. Bibi mmoja wa Mkula alisema kesi yake ya shamba imekula mbuzi watano na bado haijashiba. Mwalimu mmoja alisema tatizo si sheria, tatizo ni mlango wa kuingilia kwenye sheria. Kondakta akasema kama ni lori la mnunuzi wa pamba, tulitakiwa kulitoa upepo siku ile ile, kesi ingeisha bila ada. Nilicheka nikasahau kwamba nina hasira. Bibi wa Mkula alipofika kwake alimpa Minza yai la kuchemsha, akaniambia, "Nenda mayu, nenda mama, ukirudi utuambie huko wenzetu wanauziwa haki kwa bei gani."

Mchana, Lamadi, tulikula samaki wa kukaanga, Minza akapata wa kwake mzima. Jioni tulikuwa Tarime, tukalala nyumba ya wageni yenye kitanda kinachopiga kelele ukipumua.

Asubuhi ya pili, Sirari, mpakani. Nilipata karatasi yangu ya kuvukia, nikatembea kwa miguu hadi upande wa pili. Ofisa wa forodha wa Kenya alifungua kiroba, akatoa kipande cha mchembe, akakigonga mezani.

"Mama, hii ni kuni ama ni chakula?"

Minza akamjibu kutoka mgongoni, "Tafuna polepole utajua."

Nikamweleza ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Alikitafuna muda mrefu kama mtu anayesoma barua ngumu, halafu akachukua cha pili, akachukua na cha kumpelekea mkewe. Kwa hiyo nimelipa ushuru, asije mtu akaniambia nilipita bure.

Mchana, Migori. Shangazi Milembe alinipokea sokoni anakouza nguo, akapiga vigelegele, wateja wakafikiri kuna punguzo la bei. Alinishika mashavu, akasema nimekonda, akamshika Minza, akasema huyu ndiye amekula chakula changu. Nyumbani mumewe, Mjaluo mrefu, mpole, alitutengea ugali na kuku na hakutaka kusikia neno kesi mpaka kuku aishe. Nilipomwambia kwamba kwetu nimeshauliza njia zote, alisema mtu aliyeuliza dirishani bado hajaingia ndani. Nilidhani ananitania.

Siku ya tatu asubuhi tulikwenda kwa wakili. Jina lake Akinyi, mama wa makamo, ofisi juu ya duka la mbolea, harufu yote inapanda. Alimtazama Minza akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza, akamwekea kiti karibu na dirisha. Kisha akaniambia nieleze.

Nilieleza yote, mpaka sukari. Nikamaliza kwa kumwambia nimekuja kushtaki kwao kwa sababu kwetu haki ni ghali.

"Nani alikuambia kwetu ni rahisi?" akauliza, akaanza kunipanguza ujinga taratibu.

Alisema Kenya na Tanzania tumerithi vitabu vya sheria kutoka jiko moja. Ada ya kufungua ipo hapa na kule. Anayeshindwa analipa gharama za aliyeshinda, hapa na kule. Tena mimi ningekuwa na balaa la ziada: kwa kuwa naishi nje ya nchi, mnunuzi angeweza kuiomba mahakama iniamuru niweke amana kwanza, ili nikishindwa nisikimbilie Nkoma na gharama zake. Nikamuuliza habari ya wakili kula ukishakula. Akacheka, akasema hiyo ni Marekani. Kule wakili anaweza kubeba kesi ya mtu aliyeumia bila malipo, wakishinda anachukua fungu lake. Na aliyeshindwa, mara nyingi, halipi wakili wa mwenzake. Kwao Kenya wakili akifanya mapatano ya fungu namna hiyo ananyang'anywa leseni.

"Na Uingereza, walikoandika vitabu hivyo?" nikauliza.

Alisoma huko, akanieleza. Huko serikali ina fungu la kumlipia wakili mtu asiye na uwezo, lakini kwanza wanakukagua mpaka mfuko wa ndani. Shangazi akadakia kwamba basi maskini kila nchi lazima kwanza athibitishe umaskini wake kama mtu anayeomba kazi. Wakili Akinyi akasema ndivyo, na kwamba yeye hajaona kazi ngumu kama hiyo.

Halafu akaniuliza swali lililonifanya nikae wima. "Hakimu wenu alikukataliaje? Nipe hiyo amri niisome."

Nikasema sijaonana na hakimu. Ni karani alikataa.

"Kwa maandishi?"

"Kwa kidole."

Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama Minza, karani si mahakama. Wewe hujakataliwa. Wewe bado hujaomba."

Niliona joto limenipanda mpaka masikioni. Nimesafiri siku mbili na mtoto mgongoni, nimevuka mpaka, kuja kuambiwa kwamba mlango niliokuta umefungwa ulikuwa na mtu tu amesimama mbele yake. Nilitaka kulia, nikacheka. Shangazi naye akacheka. Wakili akanieleza kwamba ajali ilitokea kwetu, mnunuzi ana ghala na kibali Bariadi, basi kesi ni ya Bariadi. Yeye kule hawezi kusimama, leseni yake inaishia mpakani, lakini angenionyesha namna maombi ya mtu asiye na uwezo yanavyoandikwa. Nikayaandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili changu, yeye akisoma na kukata mapambo. Nilipoandika kwamba mdaiwa ni mshenzi, alikata.

Mwisho akaniambia kuna jambo moja ambalo wino hauwezi kulifanya. Lazima tuape kuhusu mali yetu, na upande wa pili utapinga. "Hao ng'ombe," akasema, "mwenye zizi ndiye atakayeulizwa."

Nilimlipa nilichokuwa nacho. Alichukua michembe, fedha akamrudishia Minza mkononi.

Nilirudi kwa njia ile ile nikiwa nimebeba karatasi ile kifuani. Asubuhi niliyofika Bariadi sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda dirishani. Karani akanitambua, akaanza, "Mama wa zizi limejaa." Nikampa karatasi. Akasema alishanijibu. Nikamwambia vizuri, basi aniandikie kwamba amekataa, atie sahihi na muhuri, niondoke. Alinitazama. Akaitazama foleni nyuma yangu, ambayo ilikuwa imenyamaza. Akaipokea, akaigonga muhuri, akanipa tarehe.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya baba mkwe, nikamweleza alichosema wakili. Hakujibu. Siku zote zile alishinda zizini. Masanja aliniambia nisimsukume, mzee akisukumwa anakaa. Siku ya tarehe nilitoka nje nikamkuta kando ya baiskeli, amevaa koti lake la kanisani.

Mahakamani alisimama mtu wa mnunuzi, akasema hawa si maskini, ameona kwa macho yake ng'ombe kumi na mmoja wakitoka zizini. Hakimu, mtu mtulivu mwenye mafua, akamwita baba mkwe aape. Mzee akaapa. Kisha akasema:

"Mheshimiwa, mweusi mwenye baka ni wa Ng'wandu. Yule wa pembe iliyovunjika ni wa dada yangu. Wekundu wawili ni wa mchungaji wetu wa kanisani."

Watu wakaanza kuguna. Kwetu hili halifanywi. Alipofika kwa dume la kijivu akataja jina la mwenye dume, na kwenye benchi la nyuma mwanamume mmoja akainuka taratibu, kofia usoni, akatoka nje. Baadaye tulijua kwamba alikuwa amewaambia wakwe zake, wanaomdai mahari, kwamba hana hata mkia wa ng'ombe, na wakwe zake walikuwa wameketi benchi la mbele. Mahakama nzima ikavunjika mbavu. Hakimu akajipangusa pua, akasema mzee, inatosha.

"Haitoshi, mheshimiwa," akasema baba mkwe. "Nikimruka mmoja watasema ni wangu."

Akamaliza wote. Wake walikuwa maksai wawili wa kulimia na jike moja zee. Hakimu akaandika, akaandika, akasema shauri la Minza lifunguliwe bila ada.

Njiani kurudi nilitembea nyuma yake kama ipasavyo. Nikamwomba radhi kwa aibu niliyomtia. Hakugeuka.

"Ng'ombe nimewasema ni wa watu," akasema. "Mjukuu nisingeweza kumsema ni wa mtu."

Kesi haikufika mbali. Samansi, hati ya kumwita mahakamani, ilimkuta mnunuzi ghalani wakati msimu unaanza, wakili wake akahesabu safari za kutoka Mwanza zitakazomgharimu, na safari hii hesabu hiyo ilikuwa ya kwao, si yetu. Wakakubali mbele ya hakimu kulipia upasuaji na matunzo yote. Minza alianza darasa la kwanza akiwa na kovu refu na miguu miwili inayofika chini kwa pamoja. Anakimbia kama bata, lakini anakimbia, na wavulana wa darasa lake anawaacha.

Niliyojifunza ninayasema kwa kila mama anayeniuliza, na bibi wa Mkula nilimpelekea salamu ya bei: haki ina ada huku, ina ada kule, Mmarekani anakata fungu, Mwingereza anakukagua mfuko, na kwetu mlango wa asiye na kitu upo, tena upo ndani ya kitabu kile kile ambacho karani alikuwa anawekea kikombe chake cha chai. Kwa hiyo ukiambiwa hapana dirishani, usianze kulia na usipande basi kwenda Migori. Mwambie aiandike.