Fakhriya na Nyuki wa Marzouq

Fakhriya alikuwa akiogopa nyuki, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Watu wa mji wa Ibra, Oman, walimcheka. Nyuki wa Ibra ni wadogo na wapole, wanakaa ndani ya magogo ya mtende yaliyopangwa bustanini, na watoto hupita mbele yao wakila tende. Lakini Fakhriya hakuzaliwa Ibra. Alizaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka kwenye njia ya Sikonge, na huko nyuki ni habari nyingine kabisa.

Alikuwa na miaka saba siku tawi lilipokatika na mzinga ukaanguka uwanjani mbele ya duka. Mama yake alimshika mkono akapiga ukelele: "Kimbia! Usitazame nyuma! Kimbilia mlangoni!" Wateja wakakimbia, wapagazi wakakimbia, kila mtu akajitupa ndani na milango ikafungwa. Aliyebaki nje ni punda wa baba, kwa kuwa alikuwa amefungwa kamba. Fakhriya alimsikia mpaka adhuhuri, kisha hakumsikia tena. Tangu hapo miguu yake ilijua jambo moja tu kuhusu nyuki.

Na Mungu, kwa mambo yake, akampa mume mpenda nyuki. Marzouq naye alizaliwa Tabora, lakini waliporudi Oman katikati ya miaka ya sabini, mikono mitupu, ami yake Badar aliwapa kipande cha bustani chenye mizinga kumi na miwili. Ami Badar hakuwahi kutoka Ibra maisha yake yote. Akamfundisha Marzouq kila alichokijua, kisha akafariki. Kwa miaka zaidi ya ishirini Marzouq alikwenda kwa nyuki kila alfajiri kabla ya kwenda ofisini, na Fakhriya akala asali yake kwa mkate wa moto, akiwa mbali. Hivyo ndivyo walivyoelewana, na ndoa nyingi zimesimama kwa maelewano mabaya kuliko hayo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1997, wakati wa kuvuna asali ya mkunazi, nyuki mmoja alimuuma Marzouq shingoni. Alikwisha kuumwa mara mia na zaidi. Safari hii aliingia ndani akikuna viganja, uso umevimba, akasema kwa sauti nyembamba isiyo yake, "Mama Yaqeen, koo linaziba." Jirani yao Khalaf aliwapakia katika pikapu. Njia nzima Fakhriya alikishikilia kichwa cha mumewe na kusikia pumzi ikipita kwa shida. Hospitalini muuguzi aliuliza jina la mgonjwa, na Fakhriya, hata katika hali ile, alitoa kitambulisho badala ya kulitamka. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Mama yake hakumwita baba yake kwa jina, wala bibi yake babu yake. Alikuwa Baba Yaqeen tangu binti yao alipozaliwa, na kabla ya hapo alikuwa "wewe, bwana".

Daktari aliwaambia maneno machache. Nyuki mmoja akimuuma tena, huenda wasiwahi kufika.

Basi Fakhriya akawa na hofu mbili, na ile ya zamani ikaonekana ya kitoto. Alikung'uta nguo za Marzouq kabla hajazivaa. Aliongeza wavu wa pili kwenye dirisha la sebule linalotazama bustani. Usingizini alinyoosha mkono kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka. Aliomba wauze mizinga. Marzouq akacheka kidogo.

"Siku utakayouza nyuki wa ami Badar, niweke na mimi juu ya gari."

"Mimi sitanii, Baba Yaqeen."

"Na mimi sitanii."

Mwezi wa Januari miembe ilichanua. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma vidole, lakini jua likipanda, mizinga ililia bustani nzima. Asubuhi moja Fakhriya alitoka jikoni akamkuta mumewe mlangoni, kitambaa usoni, mkono juu ya komeo.

"Unakwenda wapi?"

"Nachungulia tu. Nyuki wamejaa. Mwezi ujao watalea malkia wapya, nusu watahamia jabali. Wasipogawanywa, utafika wakati wa mgunga kuchanua na nusu ya mizinga imelala kimya."

"Na wewe utalala wapi?"

Mkono hakuuondoa kwenye komeo, na Fakhriya akatambua kwamba atakwenda tu, leo au kesho, yeye akiwa sokoni au kwenye sala. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nitakwenda mimi."

Marzouq alimtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiadhini. "Wewe?"

"Mimi. Nawe utakaa nyuma ya wavu. Niapie."

Akaapa. Khalaf, ambaye ana mizinga arubaini na msimu ule hakuwa na nafasi hata ya kujikuna, alimfundisha kwa siku mbili. Unaweka matambara ndani ya mkebe wenye matundu, unawasha, unapuliza moshi kidogo. Unabandua kifuniko cha nyuma cha gogo. Unatoa masega meusi yaliyochoka. Ukiona chumba cha malkia mpya kinaning'inia ukingoni mwa sega, urefu wa kokwa ya tende, unalikata sega hilo pamoja na nyuki wake, unalifunga kwa nyuzi za mtende ndani ya gogo tupu. Kazi yenyewe si kubwa, ni kubwa kwa mwoga tu.

"Na kumbuka, dada yangu," alisema Khalaf. "Wakikasirika, simama. Hawa si nyuki wenu wa Tabora. Ukisimama wanakusahau. Ukikimbia unakwenda nao."

Fakhriya aliitikia, na hakuamini hata neno.

Februari yote alifanya kazi ile akitetemeka. Alivaa suruali ya Marzouq chini ya gauni, soksi mikononi, wavu kichwani, na juu ya wavu ushungi. Kabla ya kila mzinga alisoma Ayatul Kursiy mara tatu, na mara nyingine alisahau katikati akaanza upya. Jasho lilimtiririka katika baridi. Kutoka dirishani Marzouq alimpigia kelele kama mwalimu wa madrasa.

"Moshi mwingi huo! Unapika nyuki?"

"Nyamaza!"

"Kifuniko polepole, Mama Yaqeen, polepole, usikivute kama jino!"

Alimaliza mzinga wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila jioni alivua nguo uani, akazikung'uta moja moja, na hakuingia ndani mpaka ahakikishe kwamba hakuna hata nyuki mmoja aliyejificha kwenye mkunjo. Hofu haikupungua. Watu husema ukilizoea jambo hofu hupungua, lakini kwa Fakhriya ilikuwa inaamka kila asubuhi pamoja naye.

Mzinga wa tisa ulikuwa mzito kuliko yote. Alibandua kifuniko, akapuliza moshi, akaona vyumba vya malkia viwili kwenye sega pana lililojaa mpaka ukingoni. Akaingiza kisu. Jua lilikuwa limepanda, nta imelainika, na sega likakatika kabla hajaliwekea mkono. Likaanguka miguuni pake na kupasuka.

Mlio ulibadilika. Ulikuwa wa kawaida, ukawa mwembamba na mkali, na gogo likamwaga nyuki nje. Walimjaa kifuani, mabegani, juu ya wavu mbele ya macho mpaka bustani ikawa giza. Mmoja akapita chini ya ushungi karibu na sikio. Akamuuma juu ya jicho.

Miguu ikafanya ilichofundishwa Tabora. Alitupa kisu, akakimbia, hakutazama nyuma. Aliruka falaj, ule mfereji unaomwagilia bustani, akapita mindimu, akaelekea mlangoni. Mlango ukafunguka. Marzouq alikuwa amesimama kizingitini, mkono umenyooshwa.

"Ingia! Ingia upesi!"

Zilibaki hatua kumi. Ndipo aliposikia mlio ule ule, mwembamba, ukitoka kwenye nguo zake mwenyewe, mikunjoni, mikononi, mgongoni. Hakuwa anawakimbia nyuki. Alikuwa anawapeleka nyumbani.

Fakhriya akasimama.

Miguu ilitaka kwenda, akaikatalia. Aliumwa mkononi, akaumwa shingoni, akaumwa mgongoni tena na tena, naye amesimama juani katikati ya njia kama punda wa baba, ila yeye hakufungwa na mtu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kisha akaona jambo baya zaidi. Marzouq, kichwa wazi, bila viatu, alikuwa ameshuka kizingitini na anamjia.

Alitaka kusema Baba Yaqeen. Jina lile lilikuwa refu mno, na la upole mno.

"Marzouq!" alipiga ukelele. "Marzouq! Rudi ndani!"

Marzouq akakwama palepale, mguu mmoja mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezabwa kofi na asiyemwona aliyemzaba. Nyuki mmoja alizunguka baina yao, akarudi.

"Marzouq, nakuomba. Funga mlango."

Akarudi nyuma hatua moja, ya pili. Mlango ukafungwa, na Fakhriya akasikia komeo likiingia mahali pake. Hapo tu ndipo alipoanza kulia, bila kutikisika.

Hamda, mke wa Khalaf, alikuwa amechungulia juu ya ukuta aliposikia ukelele. Kiswahili chake alikiokota kwa Fakhriya mwenyewe. "Simama, dada, simama bas," alisema kwa sauti ya chini. "Nyuki hii itaenda. Wallahi itaenda." Wakaenda kweli, mmoja mmoja, kama alivyosema Khalaf, ingawa ilichukua muda wa kuchemsha chungu cha kunde. Hamda akampeleka kwenye chumba cha kuogea kilichojengwa juu ya falaj, akamvua nguo, akazikung'uta, akamkwangua miiba kwa ukucha. Ilikuwa thelathini na nne. Jicho moja lilikuwa limefumba.

"Nenda nyumbani, lala," alisema Hamda.

"Mzinga uko wazi."

"Acha! Khalaf ataona kesho."

"Kesho alfajiri yeye atakuwa ameshauona," alisema Fakhriya, na Hamda akaelewa kwamba yeye huyo si Khalaf.

Baada ya sala ya alasiri Fakhriya alirudi bustanini. Jua lilikuwa limelegea. Nyuki walikuwa wamelifunika sega lililopasuka, wanalamba asali yao, na juu ya kipande kimoja chumba cha malkia kilikuwa kizima. Alipiga magoti, akapuliza moshi kidogo, safari hii kidogo kweli, akakinyanyua kipande kile pamoja na nyuki wake na kuanza kukifunga ndani ya gogo tupu. Vidole vilikuwa vimevimba kama vya mtoto mnene, na fundo lilimponyoka mara tatu.

Dirishani hapakutoka amri hata moja. Hakuna aliyesema moshi mwingi wala polepole. Alijua kwamba Marzouq yupo pale, anaona mikono yake ikishindwa na uzi, na anaona njia ya kumfikia ni fupi kiasi gani.

Fundo likaponyoka mara ya nne. Nyuki mmoja akatua juu ya mkono wake na kutembea. Nyuma yake, kule nyumbani, alisikia komeo likisogea.

Hakugeuka, wala hakupaza sauti.

"Marzouq," alisema.

Komeo likarudi mahali pake.