Mgonjwa wa Darasa

Kanisani walimwita Mgonjwa Wetu, na mwenyewe alikuwa buheri wa afya, fundi cherehani ambaye hata mafua yalimkimbia. Jina lilitokana na darasa la Jumamosi, ambako mwinjilisti aliwafundisha waumini kumi na wawili kuongoza ibada, kufundisha Biblia na kuwatembelea wagonjwa.

Somo la wagonjwa lilikuwa la vitendo. Mmoja alilala kwenye benchi akajifanya mgonjwa, mwenzake akaketi kando amfariji. Mara ya kwanza fundi alipolala, aliugulia vizuri mno hadi mama mmoja wa kwaya akatokwa machozi ya kweli. Tangu hapo benchi likawa lake.

"Lala, Mgonjwa Wetu, utuugulie!"

Naye hulala, akafunikwa shuka, akibana kicheko. Mwinjilisti alisema zamu yake ya kufariji itafika. Haikufika, wala yeye hakuidai, maana, tuseme ukweli, aliiogopa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa ufa waliuona wakaucheka. Mwisho wa mwaka akapewa cheti sawa na wenzake, kwa vigelegele.

Miezi miwili baadaye dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alilazwa hospitali. Daktari alimwita fundi pembeni akamwambia hakuna la kufanya tena. Dada alijua bila kuambiwa. Watu walipotaka kumwita mchungaji, alikataa.

"Atanifariji wa kwangu," alisema. "Si amesomea?"

Fundi akavuta kiti. Katika mwaka mzima wa masomo hakuwahi kukikalia kiti cha mfariji. Akafungua Biblia, herufi zikamchezea machoni. Alijua barabara mgonjwa anavyogeuza shingo, anavyoomba maji, anavyoshika shuka. Lakini maneno ya mtu wa kwenye kiti aliyasikia siku zote akiwa amefumba macho, akili yote ikiwa kwenye kuugulia kwake.

"Haya, mdogo wangu," dada akasema. "Sema neno. Naogopa."

"Dada..."

"Nakusikiliza."

"Dada, mimi..."

Alitamani kumwambia atapona. Mwinjilisti alikuwa amewakataza kabisa kumwahidi mtu hivyo, na katika masomo yote hilo ndilo pekee alilolikumbuka. Akaona aibu, akaona uchungu, akajiona bure kabisa. Akaangua kilio, akalaza kichwa kitandani na kuugulia, safari hii bila mchezo.

Mkono mkavu wa dada ukatua kichwani pake.

"Nyamaza, mwanangu," alisema, kama enzi zile walipokuwa wawili tu nyumbani. "Mungu yupo. Nyamaza. Mimi nipo hapa."

Aliishi siku nne zaidi. Fundi alikwenda zote nne, na cheti amekikunja ndani ya Biblia, na zote nne aliyefarijiwa alikuwa yeye.