Tuta la Njia ya Gogo

Juzi nililipeleka gari la baba kwa fundi hapa Kimumu, nikiwa nimechoka hata kabla ya kufika. Ni gari la spoti la zamani, milango miwili, na kwa miaka mingi limekaa chini ya mabati likinyewa na kuku. Lakini baba, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alikuwa ameng'ang'ana: liinuliwe mbele. Fundi alizitoa springi za mbele, akazigeuzageuza mkononi, akacheka.

"Mum, nani alikata hizi springi? Na mbona unataka niinue saa hii, na kila mahali ni lami?"

Nilimwambia aliinue tu. Kijana wa watu ana kazi zake, na jibu lenyewe ni refu. Wewe nitakusimulia.

Baba alikuwa mwalimu, na gari lile alilinunua kwa mkulima mmoja wa kizungu aliyekuwa akihama. Alitaka liinamishe pua kama fahali anayejiandaa kupigana, maana ndivyo yalivyokaa magari ya mashindano aliyoyaona magazetini. Basi fundi wa mtaani alizilaza springi za mbele kwenye mbao, akakata mizunguko miwili kwa msumeno wa chuma. Mlio wake ulinitia ganzi ya meno. Gari liliposhuka kutoka kwenye jeki, baba alilizunguka mara tatu akitabasamu peke yake. Mama alisema tu kwamba watu wenye akili huyainua magari, hawayashushi.

Na alisema kweli. Gogo, nyanya yetu mzaa baba, alikaa Ainabkoi, ndani kabisa, ambako njia ilikuwa ya trekta za mahindi. Magurudumu yalichimba mifereji miwili, katikati likabaki tuta la nyasi. Jumapili ya kwanza tuta hilo lilikwaruza tumbo la gari hadi oili ikamwagika. Tuliliacha dukani njia panda tukatembea, sisi watoto tukiunusa kwa mbali moshi wa jikoni kwa Gogo, baba akivililia viatu vyake. Jumapili zilizofuata hakukosa kisingizio. Mara matope, mara mitihani ya kusahihisha. Gogo alituma salamu kwa watu wa soko kwamba mursik, maziwa yake ya kibuyu, yanazidi kuchachuka na hakuna wa kuyanywa.

Halafu siku moja tulijaribu tena, na gari likapita. Baba alifurahi ajabu. Alituambia kwamba siri yote ni usukani, na kwamba si kila dereva anaweza. Kwa miezi kadhaa tulikula ugali na mboga ya managu kwa Gogo kila Jumapili, na kila Jumapili baba alijisifu mezani, naye Gogo akamwongezea maziwa.

Shule zilipofungwa tulienda Jumamosi, bila kumwarifu. Tulimkuta njiani amevaa gambuti, ameinama na jembe, akilichonga lile tuta. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa chake cha kichwa. Baba alizima gari, na hakuna aliyeshuka. Gogo alijinyoosha polepole, mkono kiunoni, akaja dirishani. Ilibidi ainame tena ili amwone mwanawe.

"Wewe ulishusha gari," alisema. "Na mimi nikashusha barabara."

Baba alimwahidi kuliinua gari mwezi uliofuata. Ni yeye huyu aliyetufundisha kuandika "ahadi ni deni" kwa mwandiko mzuri. Mwezi ukapita, na mwingine. Gari lilipendeza mno likiwa limeinama, na watu wa mjini walilisifu. Kila mvua iliponyesha trekta zilirudisha tuta, na kila Jumamosi Gogo alirudi na jembe lake. Sote tulijua, tukanyamaza, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka wa tatu Gogo alifariki. Gari lililobeba jeneza lake lilipita pale taratibu, bila kuguswa na chochote, kwa sababu alikuwa ameichonga njia wiki ileile. Baba hakuliendesha gari lake tena.

Jana nililirudisha nyumbani. Baba aliupitisha mkongojo chini ya pua ya gari, ukaingia bila kukwaruza. Akaniomba nimpeleke Ainabkoi. Ni lami siku hizi, mpaka langoni. Nyumba ya Gogo umebaki msingi tu, na mahindi ya mtu mwingine yameuzunguka. Hakuna moshi, hakuna kibuyu, hata ile njia ya trekta sikuijua ilipokuwa. Nilikuwa nimechoka, nikataka kumwambia kwamba tumechelewa, turudi. Lakini baba alikuwa ameteremsha kioo cha dirisha, anaongea na upande wa shamba.

"Mama, nimeliinua," alisema. "Weka jembe chini."