Amplifaya Aliyoitengeneza Mbeyu

Mbeyu binti Chirau ni fundi wa redio pale Msambweni, na redio ya kumshinda haijaletwa bado. Kilichomkera kwa miaka ni amplifaya ya msikiti, maana muadhini alikuwa baba yake mzazi. Mzee Chirau ameadhini miaka thelathini na minane. Sasa sauti ilikuwa imepungua, na kamati ilianza kunong'ona kwamba watu wa nyumba za mbali hawamsikii, atafutwe mwengine.

"Tatizo si baba, ni mashine," Mbeyu alimwambia Jaafar, katibu wa kamati. "Niletee."

Akaifungua mezani kwake. Transista ya kwanza, ile inayopokea sauti ya maikrofoni, ilikuwa imebebeshwa rezista tu, kile kidude cha kuuzuia umeme. Mzigo wa namna hiyo umelala: ukitaka sauti zaidi huna budi kuweka rezista kubwa, nayo inaumeza umeme, transista ikabaki haina pumzi. Mbeyu akaing'oa, na mahali pake akalehemu transista nyingine. Mzigo huu uko macho; unaushikilia mkondo usiyumbe, umeme hauumezi, na mnong'ono mdogo unatoka mkubwa. Alijisifu kimoyomoyo, na alistahiki.

Ijumaa, adhuhuri, Mzee Chirau akasimama kwenye maikrofoni. Sauti ilifika mpaka ufuoni. Na kila kitu kingine kikafika: kifua kikikoroma, mate yakimezwa, mtetemo wa kila neno, na pale katikati aliposita akilitafuta neno alilolitamka maisha yake yote. Rezista ile ilikuwa ikiyafukia yote hayo. Kibandani kwake, Mbeyu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kamati haikungoja hata wiki. Ni watu wa adabu sana hao. Walikuja na halua.

"Shikamoo, mzee," alisema Jaafar.

"Marahaba."

"Tumeonelea upumzike. Kijana wetu Swabir ana sauti nzuri, na mashine sasa, alhamdulillahi, inafaa."

Mzee aliwakaribisha kahawa, basi.

Siku hizi Swabir ndiye anayeadhini. Watu wanamsimamisha Mbeyu njiani kumshukuru kwa kazi yake, naye anawachukia kwa shukrani hizo. Alasiri moja alimkuta baba yake barazani, kanzu amekwisha kuvaa, midomo ikimfuata Swabir neno kwa neno.

"Baba, nisamehe."

"Umeitengeneza vizuri, mwanangu," alisema mzee. "Lakini ile ya zamani ilikuwa ikinisitiri."