Tandiko la Anselme

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa bombani. Nilikuwa nimevaa vizuri na kujipaka mafuta ya mikono yenye harufu ya waridi, maana kwetu Lubumbashi mwanamke haendi kazini mkavu kama kuni. Mhifadhi alininusa kabla hajanisalimia. Mhifadhi, ambaye kwa Kifaransa huitwa konsavata, ndiye mwenye dhamana ya vitu vyote vya makumbusho: ajue vilitoka wapi, vioneshwe vipi, na visife mikononi mwake. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, mrefu, tai imenyooka, jina lake Donatien.

"Maman, wende ukanawe mikono," akasema. "Hii mafuta yako, miaka kumi tu, inatoka doa ya manjano kwa nguo. Nawa, kisha tutasalimiana."

Nilinawa kwa hasira. Nilidhani nimepata bosi mwenye maringo, na kweli maringo alikuwa nayo. Lakini nawaambia mapema ninyi vijana mnaoanza kazi hii: katika wakubwa wote niliowahi kuwa chini yao hapa Brussels, hakuna niliyemheshimu kama huyo.

Makumbusho yetu yalikuwa madogo, ya nguo na vitu vya nyumbani. Miaka minne ya kwanza nilikuwa ghalani, chini ya mkuu wa ghala, mzee Mbelgiji wa Kiflemishi aliyesema maneno kumi kwa siku, saba kati yake yakiwa "hapana". Kwake nilijifunza kwamba kitambaa cha zamani hakikunjwi, kwa sababu pale penye mkunjo nyuzi hukatika. Huviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu kama mkeka. Nilijifunza kupima mwanga, maana mwanga unakula rangi taratibu na hautapiki. Na kila nguo mpya iliyoingia, hata kama imetoka kwa askofu, tuliifunga kwenye plastiki na kuilaza ndani ya friza majuma kadhaa ili nondo na mayai yao wafe. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako nadhani walikuwa na ghala.

Kisha Donatien akaniomba kwa mkurugenzi, nikawa mtunza rejista. Rejista ni daftari kubwa ambamo kila kitu kinachoingia makumbusho hupewa namba na mstari wake. Safu zake ni nyingi: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa kitu gani, na nani, kimetoka wapi, nani amekitoa. Ya kumi, ambayo wengi huiruka, inauliza nani alikitumia na wapi. Kitu kisicho na mstari kamili, Donatien alisema, ni yatima.

Madaftari ya zamani yalikuwa yamejaa yatima. Kwenye safu ya mtengenezaji, ukurasa baada ya ukurasa, neno moja tu: hajulikani. Wazungu waliovileta vitu hivyo walikumbuka jina la meli na la padri, wakasahau la mshonaji. Donatien hakuvumilia. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alipanda basi na picha kwenye bahasha, akaenda kwa wazee wa Katanga walioko Evere, pembeni mwa Brussels, akanywa chai yao na kuuliza. Mara nyingi alirudi mikono mitupu. Lakini mara moja bibi mmoja alitazama picha ya shuka lililotariziwa kwenye shule ya masista, akaomba kuona upande wa nyuma. Tulimleta makumbusho. Akaona jinsi uzi ulivyofungwa kwa mkono wa kushoto, akaanza kulia. Alikuwa amelitarizi yeye, akiwa msichana, na masista walikuwa wakimchapa kwa sababu ya mkono ule wa kushoto.

Nilichukua kifutio ili niondoe lile "hajulikani". Donatien akanishika mkono.

"Hapana kufuta, Maman. Piga trait moja tu, mustari moja, bantu baone wapi tulikosa. Kisha andika jina yake, na uweke ya kwako pembeni."

Sasa nije kwenye maisha yake. Donatien alikuwa mwanamume aliyempenda mwanamume mwenzake. Naandika hivyo waziwazi, kwa sababu kuna wakati sikuandika, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Mwenzake aliitwa Anselme, mzaliwa wa Likasi, fundi cherehani mwenye duka dogo mtaa wa Ixelles. Alikuwa mfupi, mcheshi, anaongea na pini mdomoni bila kumeza hata moja. Nusu ya wanawake wa parokia yetu walishonewa naye nguo za ndoa. Siku nilipokwenda kujaribu gauni langu la Pasaka, kioo kirefu kilikuwa juu, nyumbani kwao, chumbani. Niliona kitanda kimoja. Juu yake lilitandikwa tandiko la viraka ambalo sijaona jingine kama lile: mamia ya vipande vya kitenge, mabaki ya kila nguo aliyowahi kushona, yameunganishwa kwa mshono mdogo kama punje za mtama. Nililisifu tandiko. Kuhusu kitanda kimoja, nilifunga mdomo.

Walikwenda kufunga ndoa kwenye komuni, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya kazi. Donatien aliomba ruhusa ya siku moja "kwa mambo ya familia", akarudi na pete. Pale kazini hakuna aliyeshtuka. Mkurugenzi alileta keki. Ila Jumapili kanisani pete haikuwa kidoleni. Parokia nzima ilimwita Anselme "locataire", mpangaji wa Donatien. Neno hilo lilianzia kwa Odette, dada yake Donatien, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha harusi. Kila Jumapili alimpikia kaka yake kwake Evere, na kila Jumapili alifunga bakuli na kusema, "Hii ya locataire yako." Chakula alimpa. Kiti hakumpa. Na Donatien, aliyekuwa tayari kugombana na profesa yeyote kwa ajili ya jina la mtarizi aliyesahauliwa, alipokea bakuli na kunyamaza. Wote tulijua na wote tulijifanya hatujui. Tuliuita utaratibu huo heshima.

Anselme aliugua. Miezi ya mwisho Donatien alitoka kazini moja kwa moja hadi hospitali ya Woluwe, akashika mkono wake hadi wauguzi walipomwambia aende. Kwenye mazishi padri alimtaja marehemu kuwa fundi mwema, na Odette alileta shada lenye utepe: "Kwa mpangaji na rafiki." Donatien alilisoma, akamshukuru.

Baada ya miezi kadhaa, alikuja ofisini kwangu na mfuko mkubwa. Ndani yake mlikuwa na lile tandiko.

"Kwa mkusanyo," akasema. "Anselme alitaka. Alisema bamama bote ba Bruxelles bako pale ndani, lazima lionekane."

Tukalilaza kwenye friza kama sheria inavyotaka. Majuma yale kila asubuhi Donatien alipita pale, akaweka kiganja kwenye mlango wa friza, kisha akaenda kazini kwake. Nilijifanya natafuta kalamu.

Lilipotoka, ilikuwa zamu yangu. Mhifadhi haruhusiwi kujiandikia zawadi yake mwenyewe, kwa hiyo mstari ule nilipaswa kuuandika mimi peke yangu. Nilijua yaliyoandikwa kwenye rejista ndiyo yangehamia kwenye kibao cha maonyesho, na parokia nzima ingealikwa kwa sababu ya vitenge vyao. Nilikaa na kalamu saa nzima. Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mtengenezaji: fundi cherehani. Mtoaji: hakutaka kutajwa. Safu ya kumi, nani alilitumia na wapi: haijulikani.

Nilijisikia nimetenda wema. Nilimfunika mtu wangu. Hata nilijisifu njiani kwenye basi.

Kesho yake alikuja kukagua. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Maman Feza. Safu ya kumi. Nani alikuambia haijulikani?"

"Papa Donatien, nilitaka kukufunika tu. Bantu ba paroisse batasoma."

"Ulikuja kwetu. Hukuiona kwa kitanda?"

"Niliiona."

"Alors?"

Hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Miaka yote niko natafuta majina ya bantu benye balifutwa," akasema. "Na weye unafuta ya Anselme. Na ile mukono miye nilifundisha."

Maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma. Nikaanza kuomba radhi, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, akiwa mzee kuliko jana yake.

"Miye njo nilianza kumufuta," akasema. "Nilimuacha Odette amuite locataire. Vingt ans, miaka makumi mbili. Anselme alikuwa anacheka tu. Alikufa locataire, Maman." Akazungusha pete kidoleni. "Na sasa niko na woga. Odette ni muntu moja tu nilibakia naye. Akisoma, atanifungia mulango."

Nikamwambia tunaweza kuacha mstari ulivyo. Nilimaanisha. Akatikisa kichwa.

"Chukua kalamu," akasema.

Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, yakasomeka chini yake kama yanavyosomeka hadi leo, aibu yangu kwa wino. Akaniamuru niandike na jina langu pembeni. Juu yake niliandika alivyotamka: Lilishonwa na Anselme, fundi cherehani. Zawadi ya Anselme na mume wake, Donatien. Lilitandikwa kwenye kitanda chao, Ixelles. Majina ya ukoo nayaacha hapa, lakini mle yamo.

Siku ya ufunguzi akina mama walijaa. Walicheka, wakaoneshana vipande: hiki cha ubatizo wa fulani, hiki cha harusi yangu, ah, nilikuwa mwembamba! Kisha mmoja akasoma kibao, akamnong'oneza mwingine, na kicheko kikazima kama redio iliyoisha betri. Odette alisogea. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Donatien alisimama hatua tatu nyuma yake, mikono nyuma, pete kidoleni. Dada akageuka, akampita bila kumtazama, akachukua koti lake na kuondoka.

Jumapili ile Donatien alikula peke yake. Na iliyofuata, na nyingine. Mzee wa kamati ya parokia alikuja makumbusho kumwomba kwa upole afupishe kibao kidogo, sehemu ya kitanda tu.

"Papa," Donatien akamjibu, "humu ndani sina kibao ya uongo hata moja. Sitaanza na ya kwangu."

Nilikuwa mlangoni. Mficha uchi hazai, tunasema, lakini nani kati yetu huwa na ujasiri wa kujivua mbele ya watu anaowapenda? Alikuwa anamlilia dada yake waziwazi, macho mekundu, na hakubadilisha hata nukta. Kila Jumamosi alisimama kando ya tandiko na kuwaeleza wageni mishono ya mume wake.

Maonyesho yalifungwa juma lile lile nilipostaafu. Watu huniuliza nimebaki na nini kutokana na kazi ile. Nawaambia: mgongo unaouma, na jambo moja. Nililelewa kwamba kumsitiri mtu ni fadhila, na bado naamini hivyo kwa mlevi aliyeanguka barabarani. Lakini kuna watu ambao hawakuanguka. Ukiwafunika hao, unawazika. Tena aliye karibu nawe ndiye utakayemzika kwa urahisi zaidi, kwa sababu utafanya kwa mapenzi na hakuna atakayekuzuia. Donatien alinizuia, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Ndiyo maana namsifu.

Jumamosi ya mwisho nilikuwa naandaa karatasi za kuviringishia tandiko. Nikasikia ile sauti ya kusimamisha harusi. Odette alikuwa ameingia na akina mama wanane, wamevaa kama wa kwenda misa. Hakutusalimia. Aliwapanga mbele ya tandiko kama anavyowapanga kwaya, akanyoosha kidole.

"Muangalie. Hii kipande ni ya ndoa yangu. Ile ni ya kilio cha mama. Hii yote alishona shemeki yangu."

Shemeki. Ndivyo tunavyosema kwetu: shemeji, mume wa ndugu yangu. Hakuna mama hata mmoja aliyekohoa.

Donatien alikuwa ameshika ukuta. Odette akamgeukia, macho yamejaa, sauti ile ile ya ukali.

"Na weye? Jumapili unakuja kula, ao hauji?"

Donatien alivua miwani aifute. Nikajibu mimi, kwa sauti ya juu mle ndani tulimokatazwa kupaza sauti:

"Anakuja!"